Vijiko Viwili

Mimi ndiye niliyepiga chapa hukumu zake,
miaka kumi na mitatu, Mahakama Kuu, Malindi,
kwa taipureta kwanza, kisha kwa kompyuta
zilizokula hewa ya chumvi zikafa mara tatu.
Msiniambie Jaji Shekuwe alikuwa nani.
Namjua kwa nukta, namjua kwa mkato:
aliuweka pale mtu anapohitaji kupumua.

Alianza na Mzee Ngowa wa Ganda.
Mvi zake ndizo zilikuwa ushahidi.
Wanawe walitaka shamba, wakamwita mchawi,
wakamchomea nyumba; chifu akaandika, "Ajali ya moto."
Jaji akamuuliza wakili wa serikali,
"Na mimi nikiota mvi, nani atanilinda?"
Watu wakacheka.
Yeye hakucheka.

Kisha akina mama wa Gongoni,
waliohamishwa usiku ili bahari ianikwe juani iwe chumvi.
Kampuni ilileta mawakili saba na ramani za rangi.
Wao walileta picha ya kaburi,
jina limechorwa kwa msumari.
Aliandika: "Mtu hazikwi ugenini na wanawe wakiwepo."
Nukta ile niliigonga hadi karatasi ikatoboka.

Saa saba kamili, kila siku,
askari wa getini alipandisha hotipoti la buluu
kutoka kwa "binamu".
Binamu ni Mwalimu Nyiro, wa hesabu, shule ya Barani.
Ndani wali wa nazi, mchuzi wa papa, vijiko viwili.
Cha pili hakikuwahi kuchafuka.
Kilikuja tu, kama salamu.

Mji ulijua. Mji hujua,
kisha huchagua siku ya kujua.
Kwao Lamu walimtafutia mchumba mara mbili;
mara mbili akakataa kwa adabu na sahani ya halua.

Siku ikafika na faili namba kumi na saba:
vijana wawili wa Maweni,
waliotolewa kitandani na polisi, wakafikishwa hospitali,
wakakaguliwa kama ng'ombe wa mnada.
Wakili wa serikali akasimama, akakohoa.
"Mheshimiwa, tunaomba ujitoe. Kuna maneno mjini."
Feni ikazunguka. Vidole vyangu juu ya vitufe.
"Wakili, umeoa?"
"Ndiyo, Mheshimiwa. Wawili."
"Mwezi jana ulitetea talaka mbele ya jaji mwenye mke.
Ulimwomba ajitoe?"
Kimya.
Akavua miwani.
"Maneno ya mjini ni kweli. Andika, Karani.
Ni kweli, na sijitoi."

Ijumaa ile kipaza sauti kililaani, dirisha likatetema,
nami nikasema amina, kwa mazoea,
kisha nikarudi kwenye ukurasa wa hamsini.
Sijawahi kumwambia.

Kurasa tisini na mbili. Nazikumbuka mbili tatu:
"Mwili si ghala la ushahidi wa serikali.
Una mwenyewe, na hata mgeni hupiga hodi."

Neno moja likaandikwa kwa mkaa kwenye lango lake.
Mwalimu Nyiro hakulifuta.
Alisahihisha tahajia kwa chaki nyekundu.

Mahakama ya Rufani ikatengua nusu.
Waliokuwa chini yake wakapanda, wakampita.
Wazazi wakaandamana, Mwalimu akahamishiwa Garsen,
na hotipoti likawa linakuja Jumatatu tu,
wali umelala, vijiko vile vile.

Nimestaafu sasa, naye kastaafu.
Juzi binti mmoja wa sheria alinifuata nyumbani
na nakala ya faili kumi na saba.
"Bibi, hapa pameandikwa 'ni kwlei'.
Ni neno la kisheria?"
Nikamwambia hapana.
Ndivyo lilivyotoka siku ile,
na nilipotaka kulirekebisha,
Jaji alisema liache.